Herufi zisizotamkwa za Kiingereza: mtoto afundishwe alama za matamshi, au akariri tu?

Mleta mada: Wadau, salaam. Juzi binti yangu wa kidato cha kwanza karudi nyumbani kanuna. Alisimamishwa asome mbele ya darasa, alipofika kwenye "Wednesday" akaisoma kama Mswahili yeyote: we-d-ne-s-de-i. Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka. Nikamuuliza, mlishafundishwa inasomwaje? Hapana. Nikafungua kamusi, pembeni ya neno nikakuta /ˈwenzdeɪ/, yaani "wenz-dei", d ya kwanza haisikiki. Kumbe jibu lipo siku zote, ila hakuna aliyemfundisha kulisoma. Hoja yangu: alama hizi zifundishwe mwanzoni kabisa mwa kidato cha kwanza. Chama cha walimu wa lugha kilichoanzishwa Paris mwaka 1886 ndicho kilichozitoa, yaani ni vitu vya darasani tangu zilipozaliwa. Mnasemaje?

Mchangiaji 1: Mkuu, unamwongezea mtoto mzigo. Kiingereza chenyewe bado kinamtoa jasho, wewe unamletea ʃ na ʊ! Siku hizi unabonyeza kialama cha spika kwenye simu, neno linatamkwa. Mwache asikilize.

Mleta mada: Sikio la Mswahili limezoea irabu tano. Mpigie "ship" na "sheep" hata mara kumi, atakwambia ni neno moja. Akiona ɪ kwa moja na iː kwa jingine, atajua kuna kitu cha kutafuta. Tena baadhi ya sauti anazo tayari: anayetofautisha "thamani" na "dhamana" ana θ na ð mdomoni. Waingereza ndio wameandika "thin" na "this" kwa herufi zilezile. (Anayesema "samani" akimaanisha thamani, huyo anauza makochi, tumwache.)

Mchangiaji 2: Mimi naona tunamwonea mtoto. Hiyo b isiyotamkwa ya "debt" (deni) haikuwepo. Neno lilitoka kwa Wafaransa likiwa "dette", wakaja wasomi waliotaka Kilatini chao kionekane, wakachomeka b ya "debitum". "Island" ndiyo kituko: neno lao wenyewe la asili, s wameipachika kwa kulidhania ni ndugu wa "isle". Wazifute tu!

Mchangiaji 3: Walishajaribu. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliagiza wachapaji wa serikali watumie tahajia rahisi kwa maneno 300. Mwaka haujaisha, Bunge likamgomea. Halafu usizitie zote kapu moja. K ya "knife" watu waliitamka kweli, na gh ya "night" pia. Mjerumani hadi leo anasema "Nacht" kwa kh kama ya "sabalkheri". Sauti zilikufa midomoni, herufi zikabaki kwa wachapaji. Na nyingine zina kazi: g iliyolala kwenye "sign" inaamka kwenye "signature". Ukiifuta, umetenganisha mtu na nduguye.

Mchangiaji 4: Nafundisha Kiingereza sekondari. Niseme ukweli, wengi wetu alama hizi tulikutana nazo chuoni, tukazikariri kwa ajili ya mtihani, zikaishia hapo. Mimi sifundishi zote. Naandika ubaoni cat, cut, cart, darasa linasema "kat" mara tatu, ndipo naleta æ, ʌ na ɑː. Hizo zinawakaa. Sitaki waziandike, nataka wazisome tu. Kuhusu kucheka: niliwahi kumsahihisha mwanafunzi aliyetamka t ya "often". Baadaye nikakuta kamusi imeweka matamshi yote mawili. Kesho yake ilibidi nimwombe radhi mbele ya wenzake.

Mchangiaji 1: Kama ni za kusoma tu, hapo nalegeza kidogo. Lakini zisiingie kwenye mtihani.

Mleta mada: Mwalimu, tuwekee hapa hizo unazoanza nazo. Jumatano binti anasimama tena.