Kikundi cha ukoo: chungu cha Jumamosi kitaivisha maharage?

Neema (Dar): Shikamooni wakubwa. Kuna karakana ya ufinyanzi huku Mikocheni, kila Jumamosi wanafundisha, saa nne hadi saa saba. Elfu arobaini, udongo juu yao, kuchoma juu yao. Nimeshajiandikisha. Nani tunakwenda wote?

Mama Neema: Marahaba. Elfu arobaini ya kushika tope?

Gasto: Mama mdogo, tope si bure siku hizi 😂 halafu unatoka na kikombe kilichoangalia pembeni

Neema: Hutoki nacho siku hiyo. Kinakaushwa polepole, kinachomwa mara ya kwanza, kinapakwa gilezi, ule mpako unaogeuka kioo kwenye moto, kinachomwa tena. Wiki tatu hivi.

Mama Neema: Kama ni hivyo nifinyangie chungu cha maharage. Vikombe ninavyo.

Neema: Sawa mama, nitaomba hicho.

Shangazi Tusa (Matema): Usiombe hicho mwanangu. Kitapasuka jikoni.

Neema: Shikamoo shangazi. Kwa nini? Wamesema moto wa mwisho unapita nyuzi 1200, kinatoka kigumu kabisa.

Shangazi Tusa: Marahaba. Ndiyo kasoro yake hiyo. Weka jiwe la mtoni kwenye mafiga uone.

Gasto: 💥

Neema: Kaka Imani uko wapi, tetea sayansi

Imani (Iringa): Nilikuwa darasani. Shangazi yuko sahihi. Udongo ukipandishwa hadi 1200 na zaidi unaanza kuyeyuka kwa ndani, vitundu vinaziba, unakuwa mgumu na haupitishi maji. Safi kwa kikombe. Ila ukiuweka juu ya mkaa, chini kunapanuka wakati juu bado baridi, na hakuna nafasi ya kupokea huo mvutano. Ufa ukianza unakwenda moja kwa moja hadi upande wa pili. Chungu cha kijijini kimechomwa kwa moto mdogo, nyuzi 600 hadi 900 hivi. Ndani kimejaa vitundu na chenga. Ufa mdogo ukianza unagonga chenga, unaishia hapo.

Mama Neema: Kumbe ubovu ndio uzima wake

Imani: Si ubovu mama, ni kazi tofauti.

Shangazi Tusa: Na chenga hazitokei zenyewe. Udongo wa chungu cha kupikia ukiwa laini mno lazima uuchanganye na mchanga, au vigae vya vyungu vilivyovunjika, vitwangwe. Mama mkwe wangu alikuwa anausikilizia udongo kwenye meno. Akitafuna kidogo anakwambia huu wa mtungi, huu wa chungu, huu katupe.

Gasto: Ndiyo maana mfinyanzi hulia gaeni. Vyungu vimeuzwa, na gae lenyewe likimaliza kubeba ugali linatwangwa

Shangazi Tusa: Wewe cheka tu. Sokoni Lyulilo, huku ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Jumamosi wanawake wa Kikisi wanashusha vyungu kwenye mitumbwi kutoka Ikombe, vimepangana mpaka unaogopa kupita. Vimepakwa mistari ya udongo mweupe na mwekundu. Vyembamba, vyepesi, unainua kwa vidole. Hakuna gurudumu pale wala umeme. Kuna gunzi la mahindi la kulainishia, na mikono. Halafu mtu wa mjini anafika, chungu kimemkalisha mama siku nzima na kuni kanunua, anamwambia punguza.

Baba Neema: Dada, hapo unanisema mimi.

Shangazi Tusa: Umejijua.

Subira (Birmingham): 😂😂 Kaka pole. Neema watakufundisha gurudumu au mkono?

Neema: Ndilo linaloniudhi dada. Mwalimu kasema wiki za kwanza ni mkono tu. Kufinya donge kwa kidole gumba, halafu kuzungusha kamba za udongo. Mimi nilitaka lile linalozunguka kama kwenye video!

Subira: Usidharau mkono. Mfinyanzi Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi 1950, leo kazi zake ziko British Museum, na hatumii gurudumu. Anapandisha kwa mkono, anakwangua, anasugua mpaka kinang'aa bila gilezi hata tone. Kabla ya hapo alikwenda Abuja ya zamani, Nigeria, leo panaitwa Suleja, akajifunza kwa wanawake wafinyanzi wa kule. Nilisimama mbele ya vyungu vyake kwenye maonyesho mpaka mlinzi akanisogelea.

Neema: Vile vyeusi vya shingo ndefu?

Subira: Ndivyo. Na weusi ule hakupaka. Ni udongo uleule unaotoa rangi ya machungwa. Tanuri likipata hewa ya kutosha unatoka mwekundu, hewa ikibanwa na moshi ukijaa unatoka mweusi.

Imani: Chuma kilicho kwenye udongo hicho. Mwaka huu nitawapa kidato cha tatu huo mfano, nimechoka na kutu ya misumari.

Shangazi Tusa: Neema, ukimaliza kufinyanga usiharakishe kukausha. Funika na nailoni, kaa mbali na upepo. Mkono wa kikombe ukikauka kabla ya kikombe chenyewe, unang'oka. Na pale pa kubandika pachanechane kwanza, paka uji wa udongo, ndipo ugandishe.

Neema: Mwalimu ametuonya kuhusu hewa pia, kwamba kiputo kikibaki ndani kitalipua kazi za wenzako kwenye tanuri.

Imani: Wengi husema hivyo. Kinacholipua hasa ni maji. Yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke na hayana pa kutokea. Kiputo kwenye udongo mkavu kweli hakina shida kubwa. Lakini kanda tu vizuri, udongo usiokandwa unapinda.

Neema: Nitajuaje umekauka kweli?

Shangazi Tusa: Weka shavuni. Ukisikia baridi, bado una maji.

Imani: Na hiyo nayo ni fizikia, naipitisha.

Mama Neema: Mimi bado nauliza chungu changu. Shangazi akitutumia udongo, Neema si anaweza kuuchomea hukohuko karakana?

Neema: Wazo hilo! Nimuulize mwalimu?

Imani: Muulize, ila mwambie ukweli ni udongo gani. Udongo wa moto mdogo ukiingizwa kwenye moto wa 1200 unavimba, unaweza hata kuyeyuka ukagandia sahani za tanuri. Watakulipisha. Labda wauweke kwenye uchomaji wa kwanza tu, ule wa nyuzi 1000 hivi, na hata hapo ni kubahatisha.

Neema: Na gilezi ndani nisipake?

Shangazi Tusa: Ya nini? Chungu kipya unakipikia uji mwepesi kwanza, unaulaza humo, unamwaga. Wanga unaziba vitundu. Ukikipaka kioo umekiua. Na mtungi ndio kabisa, utakaa na maji ya moto. Mtungi lazima utoe jasho, jasho likikauka ndipo maji yanapoa.

Subira: Na hicho kikombe chako uliza gilezi yao ni ya chakula. Za zamani nyingine zilikuwa na risasi, na ndimu au ukwaju ndio huitoa risasi haraka.

Gasto: Risasi tena?? Mimi nitabaki na kikombe cha plastiki

Imani: Madini ya risasi Gasto, si ya bunduki.

Baba Neema: Mimi napendekeza hivi. Neema aende Jumamosi afinyange kikombe kama wenzake. Chungu cha mama yake kitoke Lyulilo. Nitakuwa Kyela wiki ijayo, dada anichagulie.

Shangazi Tusa: Nitachagua. Nakigonga, kikilia vizuri nachukua, kikitoa sauti ya kukwama nakiacha. Lakini bei hutaja mama mwenyewe na wewe unalipa ukiwa umefunga mdomo.

Baba Neema: Nimekubali 🙏🏾

Neema: Shangazi na mimi likizo ya Desemba naomba nije nikae kwako nijifunze. Nitalipa ada.

Shangazi Tusa: Ada yako ni kuchota maji na kutwanga vigae. Kucha hizo za bandia ziache Dar.

Gasto: Kucha!! Neema umepatikana

Neema: Nimelipia kucha hizi juzi tu jamani

Mama Neema: Baba Neema, viwe viwili. Cha maharage na kidogo cha mchuzi wa samaki. Uvifungie majani ya migomba makavu, na usiviweke chini kwenye buti la basi. Ushike mapajani.

Baba Neema: Mapajani kutoka Kyela hadi Dar?

Mama Neema: Ndiyo.