Majana yana mapengo kwenye mizinga ya ukoo mmoja, Machame: ni undugu au kuna kingine?

MfugajiMachame

Habari wadau wa nyuki. Nina mizinga 8 ya viunzi (vijiti vya juu ambavyo nyuki huning'iniza masega) huku Machame juu, karibu na msitu. Yote imetokana na makundi 2 yaliyoingia yenyewe, nikayagawa mwezi Juni, na malkia wapya wakalelewa humo humo. Mizinga 3 sasa ina majana (watoto wa nyuki ndani ya masega) yaliyotawanyika: chumba kimefunikwa, kinachofuata kitupu, pembeni yake yai. Harufu mbaya hakuna. Naomba kujua: huu ni uzao wa ndugu? Malkia huchaguaje madume, na hawezi kuwakwepa kaka zake? Nikileta malkia kutoka Boma Ng'ombe, kule chini tambarare, nitakuwa nimetibu?

NtaSafi

Mkuu, jibu linaanzia kwenye namna nyuki anavyokuwa jike au dume. Yai lisilorutubishwa hutoa dume. Hana baba, ana seti moja tu ya kromosomu. Yai lililorutubishwa hutoa jike, ila kwa sharti: jeni ya jinsia iitwayo csd, iliyotambuliwa mwaka 2003, ije kwa matoleo mawili tofauti, moja la mama na moja la baba. Matoleo yakifanana, anayeanguliwa ni dume mwenye seti mbili, na vibarua (nyuki majike wa kazi) humla ndani ya saa chache. Hapo ndipo pengo linapotokea.

Malkia ana matoleo 2. Dume mwenye toleo linalofanana na mojawapo huharibu nusu ya mayai atakayoyarutubisha. Malkia aliyepandwa na madume 12, watatu wakiwa wa toleo lake, hupoteza asilimia 12.5 ya vibarua. Aliyepandwa na madume 2, mmoja akiwa wa toleo lake, hupoteza asilimia 25. Aliyepandwa na huyo mmoja peke yake hupoteza nusu nzima.

Usihukumu kwa macho tu, pima. Chagua sega la katikati lenye mayai. Waondoe nyuki kwa unyoya taratibu. Usilikung'ute, maana sega la kiunzi halina fremu na likiwa jipya litakatika. Weka juu yake plastiki inayoonyesha, kisha kwa kalamu ya wino usiofutika tia nukta kwenye vyumba 100 vyenye yai moja moja. Andika namba ya kiunzi na upande wa sega, kata kona moja ya plastiki ili usije ukaigeuza. Rudi siku ya 5. Yai huanguliwa baada ya siku 3 hivi, kwa hiyo vyumba vyote 100 vinapaswa kuwa na jana jeupe lililojikunja.

Ukikuta majana 85 au zaidi, undugu si tatizo la kukusumbua. Ukikuta 50 hadi 75, na vilivyobaki ni visafi au vimeshatagwa upya, shaka ni kubwa. Ila hakikisha kwanza kuna chavua ya kutosha karibu na majana, kwa sababu kundi lenye njaa nalo hula majana yake.

Kama majana yote yapo siku ya 5 na mapengo yanakuja baadaye, baada ya kufunikwa, hilo ni jambo jingine: vibarua wanatoa wagonjwa au walioshambuliwa na varoa (utitiri unaowanyonya nyuki). Vifuniko vikiwa vimezama au vina matundu, chomeka njiti ya kiberiti na uivute polepole. Ukitoka uzi wa kamasi wa kahawia, ni dalili ya ugonjwa wa kuambukiza wa majana: usihamishe sega wala kifaa chochote kwenda mzinga mwingine. Mwite afisa nyuki wa wilaya.

Manzuki_Njiro

Kipimo cha NtaSafi nakiunga mkono. Ninachokipinga ni hili neno "ukoo mmoja". Makundi 8 kutoka kwa malkia 2 hayana maana ya matoleo 4 tu ya jeni. Kila malkia mama alikuja amebeba mbegu za madume kumi na kitu, na kila binti ana toleo moja la baba yake. Kila binti anaweza kuwa na baba wake tofauti. Tena msitu ulio juu yako una makundi ya porini, na madume yao yanaruka hewa hiyo hiyo.

Malkia hachagui dume kwa sura. Madume hukusanyika angani, mita 10 hadi 40 juu, na sehemu hizo hubaki zile zile mwaka hadi mwaka. Malkia huruka mbali, mara nyingi kilomita 2 au 3 na hata zaidi, akitoa harufu kutoka kwenye tezi za taya. Madume humfuata kinyume cha upepo. Anayemfikia anapanda na kufa papo hapo. Huo umbali na huo mchanganyiko wa madume wa mizinga mingi ndivyo vinavyomwepusha na kaka zake.

Kwa hiyo mimi natilia shaka Juni kuliko undugu. Malkia huanza kuruka akiwa na wiki moja hivi, mchana, kukiwa na jua, upepo mdogo na joto la nyuzi 20 au zaidi. Machame juu mwezi Juni na Julai ni ukungu na baridi. Akikosa siku nzuri, hurudi amepandwa na madume wachache, na hapo hesabu ya NtaSafi inakuwa bahati nasibu. Akifungiwa kabisa wiki 3 au 4, atataga madume matupu: utaona vifuniko vilivyovimba kwenye vyumba vya vibarua.

Kosa jingine ni kukata masega ya madume kwa kuwaona walaji bure. Dume huchukua siku 24 toka yai hadi kutoka, kisha kama 12 za kukomaa: jumla 36. Malkia hutoka siku ya 15 au 16 na kuruka wiki moja baadaye. Mayai ya madume yanatakiwa yatangulie wiki 2. Acha kipande cha sega la madume kwenye kila mzinga wenye nguvu, na usigawe mpaka uone madume yaliyofunikwa. Gawa Septemba au Januari.

MfugajiMachame

Asanteni sana. Mzinga mmoja umekuwa mkali mno tangu malkia mpya aanze kutaga. Hilo nalo ni la madume?

DadaAsali_Usa

Ndiyo kaka, kwa sehemu kubwa. Ukali hurithiwa, na upande wa baba una uzito: malkia mpole aliyepandwa na madume ya ukoo mkali hutoa vibarua wakali. Subiri wiki 6 hadi 8 tangu aanze kutaga, vibarua wa zamani waishe, ndipo umhukumu. Wakati huo fungua jioni, moshi wa baridi, na ukichomwa futa moshi juu ya alama ya mwiba, kwa sababu ile harufu inayofanana na ndizi mbivu ndiyo inayoita wengine.

Baba wengi hawaleti afya ya majana tu. Mwaka 1988 Robinson na Page walionyesha kuwa ndani ya mzinga mmoja watoto wa baba tofauti huelekea kazi tofauti: baadhi ya koo hutoa walinzi wengi, nyingine wabeba maiti.

Malkia wa Boma Ng'ombe usimlete. Nyuki wa mlimani Kilimanjaro na Meru ni weusi zaidi, wakubwa na wapole kuliko wa nyanda za chini. Uchunguzi wa jeni uliofanyika Kenya, ukachapishwa mwaka 2017, ulikuta nyuki wa milimani na wa chini wanafanana karibu kote, isipokuwa vipande viwili vikubwa kwenye kromosomu ya 7 na ya 9. Huyo wa chini atakuletea damu isiyozoea baridi, na madume yake yatapanda malkia wa msituni. Kipimo kikithibitisha tatizo, mwondoe malkia kwenye hiyo mizinga 3 mwezi Septemba. Siku ya 7 vunja vyumba vyote vya malkia walivyojenga, hakikisha hukubakiza hata kimoja, kisha wape kiunzi chenye mayai kutoka kwa jirani wa mwinuko wako mwenye sega lililojaa, baada ya kukagua majana yake kwa ile njiti.