Mrejesho: ionanthus nimeikata wapi

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kulitamka neno ionanthus, na kulikata lisipoenea kwenye mstari mmoja, kwenye vibao vya yale maua ya zambarau ya Usambara (jina la kisayansi Streptocarpus ionanthus, zamani Saintpaulia ionantha, jina la 1893).

Natamka mlivyonielekeza: i-o-NAN-thus. Mkazo uko kwenye nan kwa kuwa n inaifunga silabi, na th ni ile ya thelathini. Kibaoni nimekata ion-anthus, kufuata maneno yake ya Kigiriki, ion na anthos. Kuiachia kompyuta hakukufaa kabisa, ilinitolea iona-nthus kana kwamba ni Kiswahili.

Wateja bado wanasema "ayonanthasi", na mmoja akanirekebisha mimi! Nikamwacha, mradi kalipa.