Mrejesho: nilimpeleka mama Lirhanda

Wadau, mnakumbuka niliuliza kama mamangu wa miaka 63 ataweza kutembea kutoka Isecheno, msitu wa Kakamega, apande kilima cha Lirhanda halafu turudi kwa njia nyingine? Tulienda Jumamosi na ameweza! Aliyesema tutoke asubuhi mapema asante sana, mvua ya huku hupiga alasiri na kweli saa nane ilimwagika.

Pale juu mama alinyamaza kabisa akiangalia msitu wote chini yake, sijawahi kumwona hivyo, kisha tukachungulia lile shimo la wachimba dhahabu wa zamani, popo wamejaa. Kurudi tukapitia majani chai na vijijini, nyumba moja wakatuita tunywe uji. Matope ni mengi, vaeni gambuti, na mchukue mwongozaji wa pale.