Naomba ushauri: nimehamia Dodoma na mtungi wa gesi wa Kenya

Wanajamvi, shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Mimi ni Mkenya, nimehamia Dodoma kikazi, nimepanga Ilazo. Vyombo vililetwa na lori kutoka Nakuru, pamoja na mtungi wangu wa gesi wa kilo 13. Sasa gesi imeisha.

Mawakala wa mtaani wananirudisha. Mitungi yao ni ya kilo 6, 15 na 38, na wa kwangu hakuna kampuni ya hapa inayoupokea. Regulata yangu nayo haishiki kwenye ule wa kilo 15 tuliojaribu. Kuna fundi aliyejitolea kunihamishia gesi kutoka mtungi mwingine. Nilikataa kabisa, nina watoto wadogo na hiyo ni hatari. Mkaa mwenye nyumba hautaki ndani, na mimi pia moshi wake siutaki.

Kwa hiyo nitanunua mtungi mpya wa kilo 15. Kupima kwenye mizani kabla ya kulipa nalijua, EWURA, mamlaka ya hapa Tanzania inayodhibiti nishati na maji, inawataka wauzaji wafanye hivyo. Nisaidieni mawili tu. Kwanza, kwa hapa Dodoma gesi ya kampuni gani haiadimiki madukani, na je, wakala wa kampuni nyingine hukubali kukubadilishia? Pili, mkataba wangu ukiisha nikirudi Kenya, mtungi mtupu unarudishwa dukani ukapewa hela yako, au watu huuziana wenyewe? Risiti inahitajika?

Hata kama duka liko Majengo au Sabasaba, nitafuata. Natanguliza shukrani.