Naomba ushauri: povu la kupuliza chini ya mabati

Habari zenu wadau. Nyumba yangu iko mtaa wa Utawala, Nairobi, paa la mabati, dari ya jipsamu. Mchana wa Februari chumba cha watoto ni tanuri; usiku wa Julai tunalala na sweta. Fundi ananishauri tupulize lile povu la kuzuia joto na baridi, linalofura na kuganda, moja kwa moja chini ya mabati. Hofu yangu ni kwamba likishashika halibanduki kirahisi, na paa lina misumari miwili mitatu inayovujisha. Maji yakijificha nyuma ya povu, mbao zikaanza kuoza, nitajuaje? Tena mama anaishi nasi, ana pumu, na mvuke wa kupuliza ni mkali. Tuhame siku ngapi? Aliyeweka povu, au aliyechagua pamba ya glasi badala yake, tafadhali anieleze.