Wazee wa Reli ya Kusini: tuwaulize nini kuhusu wenzao na mabosi wao?

Mwana_Mikindani
Wakuu salaam. Hapa Mtwara tunaandaa vikao vya kuwarekodi wazee waliofanya kazi Reli ya Kusini, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza enzi za ukoloni. Tunataka kumbukumbu za wenzao, na namna walivyoishi na wakubwa wa kazi. Shida ni moja: ukimuuliza mzee "mlielewana na bosi?" anajibu "vizuri tu", mazungumzo yanafia hapo. Maswali gani yatawafungua?

Taruma_Bovu
Kwanza piga hesabu ya umri. Njia ilifungwa 1962, reli zikang'olewa. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa kavuka 80. Kwa hiyo utakaowapata ni waliokuwa vijana: wa genge (watengenezaji wa njia), makuli, labda fayamani (mchochea moto wa injini). Madereva na stesheni masta wengi wametangulia, utawasikia kwa midomo ya wadogo wao.

Pili, baada ya kufungwa wengine walihamia Reli ya Kati au Tanga, na baadaye TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Kumbukumbu zinachanganyika. Akitaja Mkwaya, Nachingwea au Masasi, uko kusini. Akianza kutaja Wachina, ameshahamia TAZARA, iliyoanza rasmi 1976. Usimkatize, andika pembeni tu.

Kuhusu maswali: acha hisia, uliza kazi. Mfano, kwenye injini ya mvuke fayamani ndiye anayechungulia kioo cha maji na kufungua injekta ya kuingiza maji kwenye bwela. Maji yakishuka mpaka paa la tanuru likabaki wazi, plagi ya madini ya risasi inayeyuka, mvuke unamwagika juu ya moto, na treni imelala porini. Anayejibu kwa wakubwa ni dereva. Sasa muulize: "Dereva wako alikuwa anakiangalia kioo mwenyewe, au alikuachia?" Hapo atakwambia aliaminiwa lini na nani, bila wewe kulitaja neno uaminifu.

Gadi_wa_Nyuma
Taruma kasema kweli. Naongeza sehemu ambazo wa treni na wa ofisini walikuwa hawakwepani.

Kolboi. Huyu alitumwa usiku na daftari kwenda kuwaamsha dereva, fayamani na gadi (msimamizi wa treni) majumbani, kila mmoja anatia saini kwamba kaitwa. Asipogonga vizuri, treni inachelewa na kesi inaanza. Uliza: nani alikuwa mgumu kuamka? Mkewe alisemaje? Mzee akicheka hapo, vikao vyako vimepona.

Laini klia. Kwenye njia moja, dereva haondoki hadi stesheni masta aulize stesheni ya mbele kama njia ni tupu, kisha ampe kibali. Akikosea yule wa mezani, anayekufa ni yule wa kwenye injini. Uliza kibali kilipokewaje usiku, na walisemezana nini wakati wa kukabidhiana.

Halafu dakika. Gadi huandika muda wa kufika na kuondoka kila stesheni. Ikipotea dakika kumi lazima zipate mwenyewe: injini ilikosa stimu (mvuke), au stesheni ilichelewesha shehena? Ugomvi wa idara ulikuwa hapo, na urafiki pia, maana watu wanaopatana huzigawana dakika. Uliza swali hili mzee akishakuzoea. Ukiliuliza mapema atadhani unatafuta makosa.

Mwana_Mikindani
Nimeyanakili yote. Ila wakubwa wengi enzi hizo walikuwa Wazungu na Wahindi. Tukiandika "walipendana" si tutakuwa tunapaka rangi?

Nyundo_na_Kokoto
Mtakuwa mnapaka rangi, tena nene. Mishahara na nyumba vilienda kwa rangi ya mtu, na mwaka 1960 wafanyakazi wa reli Tanganyika walifanya mgomo mrefu. Muulizeni kila mzee: mgomo ulipoanza, bosi wako alikufanyia nini, na uliporudi kazini alikusalimiaje? Wapo watakaomsifu, wapo watakaonyamaza. Ule ukimya nao muuandike, na sekunde zake.

Wa genge msiwasahau. Bosi wa kwanza kwao alikuwa mnyapara, Mwafrika mwenzao, anayeimbisha wakati wa kushindilia kokoto chini ya mataruma yanayobeba reli. Mkaguzi wa njia alipita na trole, kigari cha relini cha kusukumwa na watu, siku nzima pamoja juani, na treni ikikaribia wote wanainyanyua trole na kuitoa relini. Muulizeni msukumaji walikula wapi, na nani alibeba maji. Muulizeni pia majina ya utani waliyowabandika wakubwa. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera mkiwaweka kikao kimoja, utani utawafanyia nusu ya kazi.

Mambo ya kikao: asubuhi, dakika 45, msizidi saa moja. Mzee aliyekuwa na cheo arekodiwe peke yake kabla ya kukutanishwa na waliokuwa chini yake, la sivyo watamwachia aseme yeye. Feni izimwe, simu iwekwe juu ya kitambaa, isigusane na meza. Pelekeni kitu cha kushika: taa ya chemli, bendera nyekundu na kijani, filimbi. Mkono ukishika filimbi, mdomo unafuata.

Mwana_Mikindani
Shukrani wakuu. Kolboi anaingia swali la kwanza. Filimbi nitaitafuta, ila taa ya chemli ipo kwa jirani, ana kuku anaowamulika nayo.